Kumfundisha Mbwa wa Mbio Asiwadhuru Mbwa Wadogo

Katika miji ya Uingereza ni desturi ya watu kuwapeleka mbwa wao katika bustani za watu wote, na huko kuwafungua kamba wapate kukimbia. Mbwa wa kila namna hukutana hapo, wakubwa kwa wadogo. Mmoja wao ni yule aitwaye lacha, yaani chotara wa greihaundi au mbwa mwingine wa mbio na mbwa wa kabila jingine. Nyumbani ni mpole, hulala mchana kutwa, wala hana kelele. Lakini akifunguliwa uwanjani husahau hata jina lake mwenyewe, na hapo ndipo shida inapoanza.

Shida si mbio zenyewe, bali ni kile anachokikimbilia. Mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, akienda mbio na kulia kwa sauti nyembamba, machoni pa lacha hufanana na sungura. Mbwa mdogo wa Yorkshire ana uzito wa kilo 3 hivi. Greihaundi ana kilo 30 hivi. Tena greihaundi aweza kwenda maili 40 kwa saa, na kwa mwendo huo yadi 50 humalizika kwa muda usiotimia sekunde 3. Mwenye mbwa hana nafasi ya kumwita mara mbili. Akisha kumshika mbwa mdogo kwa meno, hata mara moja tu, huenda yule akafa, na mtu aliyemlea miaka mingi akarudi kwake na kamba tupu mkononi.

Sheria nayo haikunyamaza. Katika Uingereza na Wales, kwa sheria ya mwaka 1871, mahakama yaweza kuamuru mbwa wa hatari azuiwe kama ipasavyo, au auawe. Basi uzembe wa dakika moja waweza kuwaangamiza mbwa wawili. Majuto ni mjukuu.

ASILI YA UKAIDI

Chotara ajulikanaye sana kwa ukaidi ni yule mwenye damu ya saluki. Saluki ni mbwa wa kale wa nchi za Waarabu. Mabedui waliwatumia kuwinda paa na sungura jangwani, na huko Uingereza kabila hili lilikubaliwa rasmi na Kennel Club mwaka 1923. Kazi ya mbwa huyu ni kuwinda kwa macho zaidi kuliko kwa pua. Alipoona mnyama akikimbia ilimpasa kumfuata mara moja, mbali na bwana wake, pasipo kungoja amri. Mbwa waliothaminiwa na kuzalishwa ni wale walioweza kuamua wenyewe.

Kwa hiyo kile kiitwacho ukaidi ni kazi aliyozaliwa nayo. Kumpiga kwa ajili hiyo ni sawa na kumpiga paka kwa sababu anakamata panya. Tena mbwa apigwaye anaporudi hujifunza neno moja tu, ya kwamba kurudi ni hatari. Dawa yake ni mafunzo ya hatua kwa hatua, na kamba isiondolewe mpaka ushahidi upatikane.

HATUA ZA MAFUNZO

Kwanza, vifaa. Shingo ya mbwa wa mbio ni nene, na kichwa chake ni chembamba, hata ukosi wa kawaida humvuka upesi. Yafaa avikwe mikanda ya kifuani iliyomkaa vizuri, na kamba ya futi 30 ifungwe kwenye mikanda hiyo, si shingoni. Maana akifika mwisho wa kamba kwa kasi aweza kuumia shingo. Mwenye kushika kamba asiizungushe mkononi, asije akavunjika vidole.

Pili, filimbi. Mafunzo haya huanza nyumbani, mahali pasipo na vishawishi. Filimbi hupigwa mara moja, na papo hapo mbwa hupewa kipande cha nyama aipendayo sana, ambayo haipati wakati mwingine wowote. Hufanywa hivyo mara kadhaa kila siku, mpaka akisikia sauti ile ageuke kabla ya kufikiri. Kisha huendelea uani, halafu njiani, na mwisho bustanini akiwa katika kamba ndefu. Filimbi isipigwe kamwe kwa kumkaripia, wala isipigwe bure pasipo malipo.

Tatu, umbali. Mbwa hupelekwa mahali awezapo kuwaona mbwa wadogo kwa mbali, lakini bado akaweza kula. Akikataa nyama, ni dalili kwamba amesogezwa karibu mno, arudishwe nyuma. Kila amtazamapo mbwa mdogo kisha akageuza uso kwa bwana wake, alipwe. Umbali hupunguzwa hatua chache chache, kwa majuma mengi. Mwenye mbwa asitazame miguu yake bali masikio na macho: masikio yakisimama, mwili ukakauka, na macho yakaganda mahali pamoja, huo ndio wakati wa kumwita. Akisha kuondoka, saa ya kuita imepita.

Nne, apewe mahali pa halali pa kufukuza. Kipande cha ngozi chenye manyoya hufungwa kwa kamba kwenye ncha ya fimbo ndefu, kikaburutwa chini. Mbwa huambiwa angoje kikipita, kisha huruhusiwa, kisha huambiwa aache. Hivyo tamaa yake haivunjwi, bali hutiwa katika amri.

Tano, kizuizi cha mdomo. Kile kilichosukwa kama kikapu ndicho kifaacho, kwa kuwa mbwa aweza kuhema, kunywa maji na kupokea nyama akiwa amekivaa. Akizoeshwe nyumbani kwanza. Lakini mtu asidanganyike: hata mbwa asiyeweza kuuma aweza kumvunja mbwa mdogo mifupa kwa kumgonga.

SIKU YA KUFUNGUA

Jaribio la kwanza hufanywa ndani ya uwanja wenye ua imara, pasipo mbwa mwingine. La pili hufanywa na mbwa mdogo mmoja, mtulivu na aliyezoewa, wakitembea sambamba upande mmoja, huku lacha amevaa kikapu na kuburuta kamba yake. Mbwa hapaswi kufunguliwa bustanini mpaka, kwa majuma kadhaa, awe ameitika filimbi ya kwanza kila alipoona mbwa mdogo akikimbia. Mara tisa katika kumi hazitoshi, kwa sababu ile ya kumi ndiyo iuayo.

Wako mbwa wasiofika hatua hiyo, hata wakifundishwa vyema. Hilo si aibu kwao wala kwa mabwana zao. Siku hizi huko Uingereza viko viwanja vyenye ua vinavyokodishwa kwa saa, na humo mbwa wa namna hii hukimbia atakavyo, kisha akarudi nyumbani katika kamba. Bwana aliye mwema ni yule aijuaye tabia ya mbwa wake, asimtie katika jaribu asiloliweza.