Je, Shule Duni Ni Kosa la Wazazi?



Wako watu wasemao kwamba shule ikiwa duni, sababu yake ni uvivu wa wazazi wa mahali pale. Neno hili husemwa kwa wepesi, na mara nyingi asemaye hakuchunguza lolote. Wewe uliyezoea kutaka hoja kabla ya kukubali imani, yakupasa kutaka hoja hapa pia. Hebu tulipime neno hilo kwa kisa kilichotokea Marekani, katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas.

Tarehe 16 Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa shule ya sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana mpaka ofisi ya mkurugenzi wa shule zao. Wengi wao walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Walilalamikia majengo mabovu, upungufu wa vifaa, na walimu wasio na sifa za kutosha. Wazazi wao, akiwemo Demetrio Rodriguez, wakaanza kuuliza: Fedha za shule zetu ziko wapi?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa ifahamike kwamba huko shule hugawanywa katika wilaya, na kila wilaya hutoza kodi ya nyumba na ardhi kwa ajili ya shule zake. Basi tulinganishe wilaya mbili za mji huo huo, Edgewood ya maskini na Alamo Heights ya matajiri, katika mwaka wa masomo wa 1967-68.

Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali yao. Alamo Heights walijitoza senti 85 tu. Kwa hiyo maskini ndio waliojitoza kwa kiwango kikubwa zaidi. Lakini kodi hiyo iliwapatia Edgewood dola 26 kwa kila mwanafunzi, na Alamo Heights dola 333. Kwa nini? Kwa sababu mali ya Edgewood ilikuwa dola 5,960 kwa kila mwanafunzi, na ya Alamo Heights ilizidi dola 49,000.

Je, serikali ya jimbo haikuliziba pengo hilo? Iliwapa Edgewood dola 222 na Alamo Heights dola 225! Serikali kuu ikaongeza dola 108 kwa Edgewood na 36 kwa Alamo Heights. Jumla ikawa dola 356 kwa mtoto wa maskini, na 594 kwa mtoto wa tajiri. Uko wapi basi uvivu wa wazazi?

Wazazi walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 1968. Tarehe 21 Machi 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia kwa kura tano dhidi ya nne, ikisema kwamba elimu haimo katika haki zilizohifadhiwa na katiba ya nchi. Watoto walioandamana walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Hata hivyo hoja haikufa. Mwaka 1984 wilaya ya Edgewood na wenzake walifungua kesi mpya kwa kutegemea katiba ya Texas, na mwaka 1989 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo wakakubali kwamba mpango ule wa fedha ulivunja katiba hiyo.

Liko pia pengo la pili, lisiloonekana kwa macho. Joseph Kahne na Ellen Middaugh waliwachunguza wanafunzi wa sekondari wa California, wakatoa matokeo yao mwaka 2008. Waliona kwamba wanafunzi weupe, walio katika njia ya kwenda chuo kikuu, na wasomao pamoja na watoto wa wenye uwezo, ndio wapatao zaidi nafasi za kujadili mambo ya nchi, kujifunza jinsi sheria zitungwavyo, na kuitumikia jamii. Maana yake, ahitajiye zaidi kujua namna ya kudai haki ndiye afundishwaye kidogo zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuchunguza shule za kwenu, fuata utaratibu huu:

1. Wasikilize wanafunzi kwanza, kwani wao ndio wakaao darasani.
2. Hesabu fedha kwa kila mwanafunzi. Jumla peke yake hudanganya.
3. Tafuta chanzo cha tofauti kabla ya kumlaumu mtu.
4. Peleka hesabu yako kwa wenye mamlaka, wala usikate tamaa wakikukatalia mara ya kwanza.

Vijana wa Edgewood walianza na madirisha yaliyovunjika, na swali lao likaishi zaidi ya miaka 20 hadi likapata jibu. Mtoto wako akirudi leo na malalamiko juu ya shule yake, usimnyamazishe. Mpe kalamu na karatasi, mwambie ahesabu.