Mdogo wangu, usimwandikie Atticus barua ya mapenzi

Haya, mdogo wangu wa Morogoro, barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho. Kikundi chenu cha kusoma vitabu kimekupangia uhakiki wa *To Kill a Mockingbird* ya Harper Lee, nawe umekwama. Kitabu umekipenda hadi machozi yakakutoka, halafu rafiki yako akakuambia hicho ni kitabu cha Mzungu kumsifia Mzungu mwenzake. Sasa unaona haya hata kusema kwamba ulilia. Mimi naona rafiki yako ana hoja, na machozi yako nayo hayana kosa. Yaandike yote mawili.

Ila kwanza funga lile daftari la kidato cha nne. Najua mkono utakimbilia wenyewe kuandika dhamira, ujumbe, falsafa, na kule chini kabisa "mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi". Jamani, shule tumeshamaliza. Enzi zetu kila mwandishi alikuwa mwanamapinduzi, hata aliyeandika habari za harusi.

Hadithi yenyewe usiirefushe, wenzako wameshaisoma. Tupo Maycomb, mji wa kubuni huko Alabama, kusini mwa Marekani, kati ya 1933 na 1935, uchumi umeanguka na kila mtu hana kitu. Anayetusimulia ni Scout, ambaye mwanzoni hajatimiza hata miaka sita. Baba yake, wakili Atticus Finch, anapewa na hakimu kazi ya kumtetea Tom Robinson, mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa Kizungu. Tom anatiwa hatiani, kisha anapigwa risasi akijaribu kutoroka gerezani. Basi. Maneno yako yaliyobaki yapeleke mahakamani.

Soma tena pale Atticus anapomwomba baba yake Mayella aandike jina lake kwenye bahasha. Mzee anaandika kwa mkono wa kushoto. Mayella aliumizwa zaidi upande wa kulia wa uso, na mtu aliyekukabili akikupiga upande huo, aghlabu ametumia kushoto. Halafu Tom anaambiwa asimame. Mkono wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia na hauna uhai, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba alipokuwa mtoto. Alipokuwa akiapa, mkono huo ulishindwa hata kukaa juu ya Biblia. Uliteleza ukaangukia meza. Mwandishi hapo hahubiri wala hapigi kelele, anakuonyesha mkono tu. Scout na watoto wenzake walioketi roshani, pamoja na watu weusi waliotengewa huko juu, wanaona wazi. Wanaume 12 waliochaguliwa kuamua, Wazungu watupu, hawataki kuona.

Lakini kilichommaliza Tom, ukiniuliza mimi, ni kauli yake mwenyewe. Anaulizwa kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi za nyumbani bila malipo, naye anajibu kwamba alimwonea huruma. Mtu mweusi kumwonea huruma Mzungu! Mwendesha mashtaka anadaka hapo hapo, na ukumbi mzima unachukia. Kumbe Maycomb hata huruma ina mpaka wake: inaruhusiwa kutoka kwa Mzungu kwenda kwa mtu mweusi, kurudi hairudi. Pale piga mstari kwa penseli, maana wahakiki wengi wanapita mbio kuelekea kwenye hotuba ya Atticus.

Sasa tuje kwenye utoto. Utasoma kila mahali kwamba riwaya hii inahusu watoto wanaopoteza ile hali yao ya kutojua ubaya wa dunia. Sawa, lakini watoto wa nani? Dill, rafiki wa Scout, anatolewa nje ya mahakama akilia kwa namna Tom anavyosemeshwa. Jem, kaka yake Scout, analia baada ya hukumu. Nawahurumia kwa kweli. Hata hivyo, kufika miaka 12 kama Jem bila kujua kwamba mahakama ya mji wenu haina haki, hiyo ni anasa. Tom alikuwa na watoto watatu. Unadhani wao walisubiri kesi ndipo wajue?

Tafuta ile sehemu fupi ambapo Atticus anakwenda na mpishi wake, Calpurnia, kumpasha Helen, mke wa Tom, habari kwamba mumewe amekufa. Scout hayupo, anasimuliwa na Dill. Kwenye mlango wa kibanda anatokea mtoto mdogo wa kike, nywele zimesukwa vimikia vingi, kila kimoja kina utepe wa rangi kwenye ncha. Anamchekea mgeni na anataka kumfuata, lakini ngazi zimemshinda. Atticus anavua kofia, anampa kidole ashike, anamshusha taratibu na kumkabidhi kwa Calpurnia. Helen anatokea, anawatazama, na kabla hajaelezwa chochote anaanguka chini.

Yule mtoto hana jina. Hakuna asiye na hatia kumzidi humo kitabuni, baba yake ameuawa, na riwaya hairudi tena kumtazama. Mimi ningeanzia uhakiki wangu hapo hapo, kwenye kile kidole alichokishika.

Utaona rafiki yako alikuwa anasema nini. Watu weusi wa Maycomb tunawaona pale tu Wazungu wanapowatembelea. Jumapili moja Calpurnia anawapeleka akina Scout kanisani kwake. Wengi humo hawajui kusoma, kwa hiyo mwanawe Calpurnia anasoma mstari wa wimbo, waumini wanaupokea na kuuimba. Mchungaji anataka zitimie dola 10 za kumsaidia Helen, ambaye hakuna anayetaka kumpa kazi, na anaamuru milango ifungwe, hakuna kutoka mpaka zitimie. Zinatimia, senti kwa senti. Mimi nimewahi kuchangishwa kwa mtindo unaokaribiana na huo, nilicheka peke yangu. Kuna maisha mazima ndani ya kanisa lile, yana ucheshi na ubishi na mipango, nasi tunapewa kurasa chache tu kisha tunarudishwa kwa akina Finch.

Hata hivyo, Harper Lee naye mtendee haki. Alizaliwa 1926 Monroeville, Alabama, na baba yake alikuwa wakili ambaye mwaka 1919 aliwatetea watu weusi wawili walioshtakiwa kwa mauaji. Wote wawili walinyongwa. Mwaka 1931, Lee akiwa bado mtoto mdogo, vijana weusi tisa walikamatwa kwenye treni ya mizigo huko huko Alabama, wakasingiziwa kuwabaka wanawake wawili wa Kizungu, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo kwa kesi za siku chache tu mjini Scottsboro. Mmoja wa wanawake hao baadaye aliikana hadithi yake mahakamani, na bado vijana wakaendelea kutiwa hatiani. Riwaya ilitoka 1960 na ikapata tuzo ya Pulitzer 1961, wakati shule za Alabama bado zilikuwa zimetenganishwa kwa rangi. Kwa mwanamke Mzungu wa jimbo lile kuandika hivyo wakati ule, si jambo dogo.

Na Atticus? Mpende, lakini jichunge. Tatizo ni Gregory Peck, aliyemwigiza kwenye filamu ya 1962 na kushinda Oscar. Ile suti, ile miwani, ile sauti ya upole, shoga, nani asingedanganyika? Lakini mwaka 2015 ilichapishwa *Go Set a Watchman*, ambayo Lee aliiandika kabla ya riwaya hii tunayoizungumzia. Humo Scout ana miaka 26, anarudi nyumbani kutoka New York na kumkuta baba yake kwenye kikao cha Wazungu wanaopinga watu weusi kupewa haki sawa. Wasomaji walilia kama wamemfumania mpenzi. Mimi sikushangaa sana. Hata katika *To Kill a Mockingbird* Atticus anaiheshimu mahakama na majirani zake kuliko anavyowakasirikia.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujaandika, soma na *Roll of Thunder, Hear My Cry* ya Mildred D. Taylor, ya mwaka 1976. Nayo iko kusini mwa Marekani, mwaka 1933, na msimulizi ni msichana, Cassie Logan, mwenye miaka tisa, ila huyu ni mweusi. Siku ya kwanza ya shule mdogo wake, mtoto msafi ajabu, anapewa kitabu kichafu kilichochakaa. Ndani ya jalada kuna jedwali linaloonyesha kimepita mikononi mwa watoto wa Kizungu mwaka baada ya mwaka, na kimeletwa kwa weusi kilipofikia hali mbaya kabisa. Anakitupa chini na kukikanyagakanyaga. Ana miaka sita, karibu sawa na Scout mwanzoni mwa hadithi yake.

Vitabu hivyo viwili ukiviweka pamoja, uhakiki utajiandika. Jambo la mwisho: lile tusi wanalotukanwa watu weusi limejaa katika riwaya ya Lee. Ukisoma dondoo mbele ya wenzako, liruke. Kila mtu ataelewa. Andika kurasa mbili, zikizidi tatu nitakugombeza. Na siku ya kikao mwache rafiki yako aongee kwanza, halafu umwambie bila kuona haya kwamba ulilia, na ulilia ukurasa upi.