Kompyuta ya gemu huanzia ukutani

Kinu cha posho kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Bumala kikiwashwa, taa ya sebuleni hufifia kidogo kisha hurudi. Nimekua nikiliona jambo hilo na sikuwahi kuliwazia, hadi niliponunua kompyuta yangu ya kwanza ya gemu nayo ikaanza kujizima kila asubuhi kwenye saa nne. Nilibadilisha RAM. Nikabadilisha SSD. Nikapakia Windows upya mara mbili. Mwenye kinu ndiye aliyenifumbua macho siku aliponisikia nikilalamika ugani: "Kwani mimi na hiyo mashine yako tunafungua kazi saa ile ile?"

Vijana wengi wa huku Marachi wanaoniomba ushauri huanza na swali la kadi ya grafiki, na mimi nilianzia hapo hapo. Siku hizi namwomba kila mmoja aanzie kwenye soketi ya ukutani, kisha aingie ndani polepole: umeme, pawa saplai, kasha, halafu kadi. Kwa njia hiyo shilingi 60,000 zilinitosha kujenga mashine itakayokaa miaka. Ukiifuata kinyume, utanunua vitu mara mbili kama nilivyonunua.

Kwa maandishi, umeme wetu ni volti 240. Niliazima mita ya fundi wa nyaya nikapima jioni kadhaa mfululizo. Saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha taa, nilisoma 198, na jioni moja 191. Pawa saplai yangu ya kwanza ilikuwa ile ya bei rahisi inayokuja pamoja na kasha jipya lenye taa za rangi. Ubavuni iliandikwa wati 600, na nyuma ilikuwa na kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini Busia akaifungua mbele yangu. Akaniwekea ile yangu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akaniwekea ya zamani aliyoing'oa kwenye Dell ya ofisi, iliyoandikwa wati 260 tu. Ile ya 260 ilikuwa nzito zaidi kwa mbali. Kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kwenye bodi yangu palikuwa na vitundu vitupu vilivyochorwa alama za vifaa ambavyo kiwanda hakikuviweka kabisa. Vilivyokosekana ni vile vya kuchuja na kutuliza umeme unaoingia.

Tangu siku hiyo nasoma lebo ya pawa saplai kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Tafuta maandishi "100-240V" bila kiswichi chochote. Hiyo ina maana kwamba kifaa hujirekebisha chenyewe, na volti zikishuka hadi 190 bado kitafanya kazi. Iliyoandikwa 200-240V peke yake, au yenye kiswichi chekundu, huenda ikafaa kwingine. Kwetu itakutesa.

Hapo ndipo mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, hizi tunazoziita ex-UK, zinapokuwa baraka kwa mtu wa bajeti ndogo. Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyokaa miaka minne kwenye ofisi ya Uingereza huja na pawa saplai ya uhakika, madabodi imara na mara nyingi leseni ya Windows. Zimejaa Nairobi, hasa Luthuli Avenue na Moi Avenue, na maduka ya Busia na Kisumu huzileta pia. Mimi niliagiza yangu Machi 2025: OptiPlex ya kasha refu, prosesa Core i5-8500, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, kwa shilingi 24,500. Ilisafiri usiku kwenye basi, asubuhi nikaipokea Busia na kuileta Bumala nimeipakata juu ya boda boda. Mji wa Busia ndio uliolizaa jina hilo, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, kwa hiyo sikuona njia inayofaa zaidi.

Namba ya prosesa isikupite. Core i5-6500 na i5-8500 hukaa rafu moja, na tofauti ya bei huwa elfu chache, lakini ya kwanza ina kori nne na ya pili ina sita. Zaidi ya hapo, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane cha Intel, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu la Valorant kwenye Windows 11 halifunguki bila vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot. Nimemwona kijana akilia machozi kabisa kwa sababu mashine aliyonunulia pesa za mwaka mzima ilicheza kila gemu isipokuwa lile moja alilolitaka.

Sasa kasha. OptiPlex ya aina moja hutoka kwa maumbo tofauti: refu, nyembamba, na ile ndogo ya kufungwa nyuma ya skrini. Ile ndogo achana nayo kwa kazi hii. Nyembamba ndiyo inayodanganya, maana inakaribia kuwa kubwa machoni na bei yake hushuka kidogo. Binamu yangu wa Malaba alinunua hiyo. Kuona tatizo lake, chukua rula: kibati cha nyuma cha kadi ya kawaida kina sentimita 12, na nafasi ya kasha nyembamba ni sentimita 8. Kadi fupi za kimo hicho zipo, lakini ni chache na wauzaji wanajua unazihitaji. Lipa ile elfu moja au mbili upate kasha refu.

Mashine hizi za ofisi zina ugumu wao pia, na sitakuficha. Nyaya za pawa saplai ya Dell hazifuati mpangilio wa kawaida, kwa hiyo huwezi kuichomoa ukaweka ya dukani bila adapta. Nyingi hazina hata waya wa kulisha kadi kubwa. Jambo hilo ndilo linalokuchagulia kadi. Tundu la madabodi lenyewe hutoa wati 75 na si zaidi, basi tafuta kadi inayoridhika na hizo 75. GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye GB 4, ndiyo ninayoipendekeza. Hata hapo angalia, kwa sababu baadhi ya makampuni yaliitoa ikiwa na tundu la waya la pini sita juu yake. Muulize muuzaji akupigie picha ya ukingo wa juu wa kadi. Ukiona tundu, mwambie akutafutie nyingine. Chukua ya feni moja, fupi, kwani ndani ya OptiPlex kadi ndefu hugonga sehemu ya diski. Yangu ilikuwa imetumika, nikailipia 15,000.

Kadi iliyotumika usiilipie kabla haijafanya kazi mbele ya macho yako kwa dakika ishirini, gemu likiwa limefunguliwa. Kuna kadi za mwaka 2011, GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani na kupewa jina la 1050 Ti, na Windows huziamini. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure. Kadi ikiwa bandia, mara nyingi itaandika neno FAKE mbele ya jina lake. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiifungua. Aliyeniuzia mimi aliniomba nimwachie nakala.

Watu huniuliza kuhusu Kampala, kwa kuwa ni kama kilomita 200 tu kutoka Busia na bei nyakati nyingine huvutia. Inawezekana, ila fahamu jambo moja la forodha. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya jumuiya. Kadi ya grafiki iliyotoka kiwanda cha China haimo, hata ukiwa na risiti ya Kampala. Itangaze kwenye kituo cha pamoja cha mpaka na upige hesabu ya kodi kabla hujasema umepata bei nafuu. Pia fikiria nani atakuvusha tena siku kadi itakapohitaji kurudishwa.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Ongeza RAM iwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba na gemu huliona hilo. Niliongeza cha pili kwa 3,000, lakini tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei duniani kote, viwanda vikielekeza nguvu kwenye vituo vya akili mnemba, kwa hiyo siku hizi afadhali utafute mashine ambayo tayari ina 16. GTA V peke yake inakula zaidi ya GB 100, basi SSD ya 256 haitatosha. Niliongeza ya 500 kwa 4,500. Skrini ya ex-UK ya inchi 22 ilinigharimu 6,000, na hapo hakikisha ina tundu la HDMI au DisplayPort, maana GTX 1650 haina VGA. Waya wake uchomeke kwenye kadi, chini, si kwenye madabodi. Nimeitwa mara tatu kwenda kutazama "kadi mbovu" ambayo ilikuwa haijachomekwa skrini.

Katika zilizobaki, 6,500 zilikwenda kwenye UPS, kile kifaa cha betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, na hizo ndizo shilingi ninazozitetea kwa nguvu zote. VA 650 si wati 650. Nyingi za ukubwa huo hubeba wati 360 hivi, na mashine yangu ikicheza haifiki 200. Dukani chomeka mashine, fungua gemu, kisha chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizima, rudisha. Betri ya ndani huchoka baada ya miaka miwili au mitatu, na ya volti 12 inapatikana hata kwa mafundi wa sola.

Mashine hiyo inacheza nini? GTA V bila tabu, Counter-Strike 2, mpira wa EA ukishusha mipangilio kidogo. Ninayoipenda mimi ni Euro Truck Simulator 2, ya mwaka 2012, nyepesi hadi leo. Mjomba wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, na foleni ya mpakani Malaba imewahi kumshika siku nne. Siku moja alikuja kuoga nyumbani, akaketi akashika usukani wa gemu, akaendesha kutoka Calais hadi Berlin bila kusema neno. Mwishoni aliuliza tu kwa nini vioo vya pembeni havitetemeki.

Kwetu radi za jioni kutoka ziwani hazina mchezo, na UPS haizuii radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mama huniita kutoka jikoni: "Papa, chomoa hicho chombo!" Nachomoa plagi ya ukutani, kisha waya wa intaneti, maana radi hupitia hapo pia, ndipo nakwenda kuanua nguo.