Jarida la Chuo na Waandishi Wapya

Wengi wetu hudhani ya kuwa mtu huwa mwandishi siku kitabu chake kinapoonekana dukani. Lakini waandishi kadha wa Afrika ya Mashariki walianza katika kurasa chache za jarida la chuo, na yafaa tujifunze habari zao.

Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Chuo cha Makerere, Kampala, ilianzisha jarida lililoitwa Penpoint. Lilichapisha hadithi fupi na mashairi, na nyingi zilikuwa kazi za wanafunzi. Mwaka 1959 aliingia chuoni kijana wa Limuru, Kenya, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Siku moja alimwambia mhariri mmojawapo, Jonathan Kariara, kwamba ameandika hadithi, hali hakuwa ameandika hata neno moja. Basi hakuwa na budi kwenda kuiandika! Hadithi hiyo ya mti wa mugumo ilichapishwa mwaka 1960, na mwaka 1964 ikatoka riwaya yake, Weep Not, Child.

Kazi ya mhariri yafanana na ya wachimbaji wadogo wa Geita. Wao huponda mawe mengi na kuyaosha ili wapate chembe za dhahabu. Mhariri naye husoma mengi, huchagua, na kumrudishia mwandishi asahihishe. Lakini hawezi kuchagua kazi iliyofichwa chini ya godoro bwenini.

Hata hivyo Penpoint lilikuwa jarida la Kiingereza, na jambo hilo lina funzo lake. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Ngugi, angali mwanafunzi, alialikwa kwa ajili ya hadithi fupi mbili tu, moja ikiwa ile ya Penpoint. Shaaban Robert wa Tanga, mwenye vitabu vingi vya Kiswahili, hakuwa na nafasi, kwa kuwa mkutano ulikuwa wa waandikao kwa Kiingereza. Alifariki mwezi uo huo. Ngũgĩ mwenyewe alililalamikia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986, naye alikuwa ameanza kuandika riwaya kwa Kigikuyu.

Sisi wa Shinyanga na Geita wengi wetu husema Kisukuma nyumbani, Kiswahili uwanjani, na Kiingereza darasani. Insha ya Kiingereza hupata alama, na hadithi ya babu haiandikwi. Babu akifa, imekwenda naye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanafunzi, hata wa kidato cha kwanza, tuwapelekee wahariri wetu kazi za Kiswahili kabla ya kufunga shule. Walimu na wazazi nao waandike katika kurasa hizi hizi, ili sisi tunaoanza tusomwe pamoja na waliotutangulia, tupate kujifunza kwao.