Kichwa kinachouma tangu vita: somo kwa familia na viongozi

Katika somo hili tutaangalia maumivu ambayo jirani hawezi kuyaona.

Mtu aliyekatwa mguu vitani hahitaji kueleza sana. Lakini tumfikirie baba mmoja aliyeacha silaha, ambaye bomu lilipasuka karibu naye miaka iliyopita. Leo hana kovu kubwa. Mara tatu kwa mwezi anajifungia ndani ya kibanda, hataki mwanga, hataki sauti za watoto, anatapika. Baada ya siku mbili anaonekana sokoni akitembea vizuri. Watu wanasema amelewa kasiksi, wengine wanasema amerogwa. Mke wake ndiye anayelima peke yake na kujibu maneno ya majirani.

Ugonjwa huu unajulikana kwa waganga. Kuna kipandauso, ambacho mara nyingi hupiga upande mmoja wa kichwa na kurudi kwa vipindi, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Kuna pia maumivu yanayofuata pigo la kichwa au mshindo wa bomu, nayo yanaweza kufanana na kipandauso na kudumu miaka. Kukosa usingizi na hofu ya vita huyazidisha. Dawa nayo inaweza kuwa sababu. Anayemeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, au tramadol siku 10 au zaidi, anaweza kupata maumivu mapya yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Na kama kichwa kinauma ghafla kupita kiasi, au kuna homa na shingo ngumu, au mkono na mguu wa upande mmoja unalegea, msingoje: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye haki. Hapa watu wengi wanachanganya, na hata viongozi wanatoa ahadi zisizo zao. Mwanajeshi wa FARDC ana sheria yake, ile namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, na madai yake yanapitia jeshini. Aliyetoka katika kundi la silaha hana mlango huo. Wakati wa CONADER, baada ya 2004, aliyeacha silaha alipewa dola 110 wakati wa kutoka, halafu dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Msaada ule ulikuwa wa kuanzia maisha, haukupimwa kwa ugonjwa. P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021, imeweka mkazo kwenye jamii nzima kuliko pesa mkononi. Lakini mlango mwingine upo: sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda watu wanaoishi na ulemavu, bila kuuliza kama waliwahi kubeba bunduki.

Kwa mlango wowote, kinachokosekana ni ushahidi. Nchini Marekani, ofisi ya askari wa zamani hupima kipandauso kwa asilimia 0, 10, 30 au 50. Haiulizi tu kama kichwa kinauma. Inauliza ni mara ngapi mtu analazimika kulala chini na kuacha kazi: mashambulizi ya namna hiyo yakifika wastani wa moja kwa mwezi, anaweza kupewa 30. Akikataliwa ana mwaka mmoja wa kuomba faili iangaliwe tena, kuleta ushahidi mpya, au kufika mbele ya baraza la rufaa. Sisi hatuna ofisi kama hiyo. Hata hivyo njia ya kuandika tunaweza kuiiga.

Nunueni daftari la shule. Kila shambulio, andikeni tarehe, saa lilipoanza na kuisha, alichomeza, na kazi iliyomshinda siku hiyo: shamba, ng'ombe, mzigo. Kama hajui kusoma, mtoto au mke aandike. Kwa kweli maneno ya mke yana uzito mkubwa, maana yeye ndiye aliyeona. Baada ya miezi mitatu lipelekeni kwa daktari, mkaombe karatasi inayotaja ugonjwa na jinsi unavyozuia kazi. Mkipeleka barua ofisini, bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mkikataliwa, ombeni jibu la maandishi, maana neno la mdomo haliwezi kukatiwa rufaa.

Tahadhari moja. Januari 2025, M23 ilipochukua Masisi-centre na baadaye Goma, njia ya faili ilikatika kwa wengi. Karatasi inayoonyesha kwamba mtu alikuwa mpiganaji inaweza kumwua kwenye barieri. Asitembee nayo. Iachwe kwa mtu wa kuaminika, na daftari lisiandike jina la kundi.

Tunajua swali linalowachoma: kwa nini tumsaidie aliyechoma nyumba zetu? Hatutaki kulikwepa. Kumtibu mtu hakufuti kosa lake, na mwathirika ana madai yake mwenyewe. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa FONAREV kwa ajili ya waathirika. Tena mabomu yaliyoanguka kwenye kambi karibu na Goma tarehe 3 Mei 2024 hayakuchagua mpiganaji. Mama aliyekuwa pale anaweza kuwa na kichwa kilekile na anahitaji daftari lilelile. Kiongozi akianza na mpiganaji na kumsahau huyu mama, ugomvi utaanza palepale kambini. Na wasichana waliochukuliwa msituni, ambao mara nyingi hawakuandikwa kama wapiganaji, nao wasisahaulike.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Katika kambi au kijiji chetu, ni nani anayejifungia kibandani siku za maumivu, na tunamwita jina gani? Ni nani anayeweza kuandika daftari la mtu asiyejua kusoma, na kutunza siri yake? Je, tutawasikilizaje waathirika kwanza, kabla ya kupeleka orodha yoyote kwa shefu?