Kamera ya Kwenda Nayo Lamu

Familia ya Garsen ikienda kutembea Lamu likizo ya Desemba, mizigo ni ile ile: leso, maembe, dumu la maji, na mtu mmoja aliyebebeshwa kazi ya kupiga picha. Huyo ndiye ninayesema naye. Usianze kwa kuuliza kamera ipi ina megapikseli nyingi. Uliza itapita wapi.

Itapita mahali pawili pasipofanana hata kidogo. Kwanza ni Mto Tana na delta yake: kiboko aliyetoa masikio tu juu ya maji, mamba ukingoni, korongo na yangeyange kwenye mashamba ya mpunga. Wote wako mbali, na kiboko ni heri abaki huko huko. Hapa inatakiwa lenzi ndefu, milimita 300 au zaidi kwa kipimo cha zile kamera za filamu. Simu ya kawaida ukiivuta mara kumi, kiboko atafanana na jiwe.

Kisha unafika Mokowe, unavuka kwa boti, unaingia mji wa kale uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Vichochoro ni vyembamba. Punda akija na mzigo, unajibana ukutani. Pale lenzi ndefu itakupa sikio la punda na basi. Unataka upana wa milimita 24 hivi, ili mlango wa nakshi na watoto waliosimama mbele yake waingie wote.

Kwa hiyo familia nyingi nazishauri kamera ya zumu ndefu ambayo lenzi yake haitoki. Mabingwa wataicheka, lakini inafika mtoni na inafika kichochoroni, na mchanga hauingii kwa urahisi. Mimi niliwahi kubadilisha lenzi ufuoni Shela upepo ukivuma. Tangu siku hiyo zumu yangu ikizungushwa hulia kama ugali ulioingia mchanga. Ukiwa na kamera ya kubadilisha lenzi, ibadilishie chumbani, dirisha likiwa limefungwa.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na pwani ina ugonjwa wake: kuvu. Unyevu ukikaa ndani ya lenzi, huota nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Muuzaji akikupa lenzi, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma yake, utazame kwa mbele ukiigeuzageuza. Ukiona nyuzi hizo, mrudishie. Ukishainunua, isilale kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Itie kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Watoto watataka picha za majini, hasa mkifika kisiwa cha Manda Toto kutazama samaki. Wape simu ya zamani ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kwanza ujaribu mfuko huo kwenye ndoo ukiwa na karatasi kavu ndani. Maandishi ya IP68 kwenye simu, yale ya kuhimili maji, yasikupe ujasiri mwingi. Majaribio yake hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Simu ya IP68 iliyolowa maji ya bahari, na hata kamera ya kuzamia ya kweli, ioshwe kwa maji matamu jioni ile ile. Kamera ya kawaida usiioshe. Ipanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Betri chukua mbili, pawabanki moja, na kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, ili moja ikipotea nusu ya safari ibaki. Zijaribu nyumbani, maana kadi bandia zipo. Kamera usiiache juu ya dashibodi wakati gari limesimama juani. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko kama nusu saa hivi, la sivyo kioo kitafunga ukungu.

Saa za picha ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Adhuhuri jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Waite chini ya kivuli, au kaleni chakula.

Mama wa buibui au mzee aliyekaa barazani umwamkie na kumwomba ruhusa kabla ya kuinua kamera. Kwenye vizuizi vya polisi vya barabara ya Garsen hadi Lamu, kamera ikae mfukoni. Na droni iache nyumbani, maana bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, huruhusiwi kuirusha.