Namba Kwenye Chupa Haisemi Yote

Ukienda duka la dawa kuulizia losheni ya kukinga jua, utaonyeshwa namba: SPF 15, 30, 50. Wengi tunachukua yenye namba kubwa, basi, tunaondoka. Lakini namba ile inazungumzia aina moja tu ya mionzi. Jua linatupiga kwa aina mbili.

Mionzi yenyewe, urujuanimno, haionekani kwa macho. UVC huzuiwa na hewa ya ozoni huko juu, haitufikii. Zinazotufikia ni UVB na UVA. UVB ndiyo inayobabua ngozi, na huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. UVA haina haraka. Ipo mchana kutwa, hupenya ndani zaidi, huizeesha ngozi, na yenyewe huchangia saratani. Tena inapita kwenye kioo! Dirisha la basi huzuia karibu UVB yote, lakini UVA nyingi inaingia. Abiria haungui, basi anadhani yuko salama.

Sasa losheni inafanyaje kazi? Ndani yake mna vichujio, na kila kimoja kina mionzi yake. Oktinoksati hunyonya UVB na kuigeuza joto dogo sana, hata hulisikii. Avobenzoni hunyonya UVA. Oksidi ya zinki, ule unga mweupe, hushika zote mbili, ila huacha weupe usoni. Wapo wanaosema zinki hurudisha mionzi kama kioo cha kujitazamia. Siyo hasa, sehemu kubwa nayo huinyonya.

SPF hupima kubabuka tu, yaani hasa UVB. SPF 15 huzuia kama asilimia 93, SPF 30 kama 97, SPF 50 kama 98. Umeona tofauti ilivyo ndogo huko juu? Usiuze kuku kwa ajili ya hiyo moja. Afadhali utafute alama ya UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha. Na mafuta ya nazi, jamani, yanang'arisha tu.

Kwa mwenzetu mwenye ualbino jambo hili ni la kufa na kupona. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, kile kichujio tulichozaliwa nacho (na ambacho wengine wanakiondoa kwa mkorogo!), na saratani ya ngozi humpata akiwa bado kijana. Ndiyo maana losheni ya Kilisun ilianza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC.

Losheni ipakwe nyingi, siyo kulambisha, na irudiwe kila baada ya saa mbili. Ikiwa ni chache, vaa kofia pana na shati la mikono mirefu, halafu iliyopo uipake usoni, masikioni, shingoni na juu ya viganja.